Niliyoambiwa na niliyoyakuta: wiki za mwisho za mimba hadi arobaini

Mimba yangu ya kwanza ilipofikisha wiki ya 36, mama mkwe alikuja kutoka Tanga na beseni lake la kunikandia. Yeye, shangazi na majirani walinifundisha mengi, na yote kwa mapenzi. Mengine nayashika hadi leo. Mengine ni ya hatari, na kwa kuwa yanasemwa na watu wanaotupenda, ni vigumu kuyakataa.

"Tarehe ikipita, unywe dawa mtoto atoke." Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki ni makadirio tu: siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kama watoto watano tu katika mia ndio huzaliwa siku hiyohiyo. Yangu ilipita siku nne, nikaletewa kikombe cha mizizi ya kuchochea uchungu. Sikunywa. Dawa hizo huweza kuukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi hadi mtoto akakosa hewa au mfuko ukapasuka, hasa kwa aliyewahi kujifungua kwa upasuaji. Ukifika wiki ya 41, nenda hospitali. Huko uchungu huanzishwa huku mapigo ya moyo wa mtoto yakisikilizwa.

"Mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia." Hili ndilo linaloniumiza zaidi, maana karibu kila mwanamke ninayemjua ameambiwa. Ukweli ni kwamba anaweza kubadili namna ya kucheza, akajinyoosha na kujisukuma zaidi ya kupiga mateke, lakini kucheza kwake hakupaswi kupungua. Wiki ya 38 nilikaa tangu asubuhi hadi alasiri bila kumsikia vizuri. Nikaambiwa anajipumzisha kwa ajili ya safari. Nilipanda bajaji nikaenda hospitali, na mkunga akaniambia nimefanya vyema kutosubiri kesho. Mwanangu alikuwa mzima. Hata angekuwa mzima mara kumi, ningekwenda mara kumi.

Kuvimba miguu jioni ni kawaida. Lakini uso na mikono vikivimba, kichwa kikauma bila kuachia, macho yakaona ukungu au maumivu yakashika chini ya mbavu, hapo si suala la kuinua miguu juu ya mto. Huenda ni shinikizo la damu linaloelekea kwenye kifafa cha mimba. Si shetani wala si kurogwa. Tena kinaweza kumpata mama hata baada ya kujifungua, wakati kila mtu ameshaambiwa kwamba ametoka salama.

Na chupa ya uzazi, ule mfuko wa maji unaomzunguka mtoto? Kwa wengi uchungu hutangulia, chupa ikapasuka baadaye. Ikitangulia yenyewe, nenda hata kama husikii maumivu.

"Mzazi asipokandwa, damu chafu itabaki tumboni." Beseni la mama mkwe lilinisubiri siku niliyorudi nyumbani. Damu ya nifasi si uchafu wa kusukumwa nje kwa kitambaa cha moto. Mfuko wa uzazi hujikaza wenyewe na kurudi taratibu, ndiyo maana mtoto anaponyonya unasikia chango likikukata. Kwa aliyejifungua mara ya pili au ya tatu huwa kali zaidi, na hilo sikuwahi kuambiwa. Maji ya moto huunguza ngozi, na juu ya mshono wa upasuaji ni balaa. Nilimwambia, "Mama, naomba unikande mgongo na miguu, tumbo tuliache." Alinyamaza kidogo, kisha akanikanda mgongo hadi nikasinzia. Damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, harufu mbaya au homa, hayo ni ya hospitali, usiku au mchana.

"Maziwa ya kwanza ni machafu, yakamue uyamwage." Dang'a ile ya manjano imejaa kinga, na matone machache yanamtosha mtoto ambaye tumbo lake ni dogo sana. Mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza. Maziwa mengi huja kati ya siku ya pili na ya tano, na mtoto kupungua uzito kidogo siku hizo si ishara ya kumkoroga uji.

Kitovu hakitaki majivu, mafuta wala kinyesi cha ng'ombe. Kiwe kisafi na kikavu, ukipewa dawa ya kupaka na mhudumu wa afya uitumie. Na kikimwangukia mtoto wa kiume sehemu zake, hakimfanyi hanithi.

Kisha kuna kulia. Siku ya tatu machozi yalinitoka kuanzia adhuhuri, nikiwa nimempakata mtoto niliyemwomba kwa miaka. Jirani akaniambia namkufuru Mungu. Mama mkwe alimchukua mtoto, akanipa uji wa pilipili manga, akasema, "Kunywa, mwanangu. Nami nililia kwa mumeo." Huwapata wazazi wengi siku za mwanzo, na hupita ndani ya wiki mbili. Kukizidi hapo, au ukaanza kufikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, ni ugonjwa wenye tiba. Ukiwa na mawazo hayo usisubiri hata siku moja, umwambie mtu, mfike hospitali.

Siku ya arobaini mama mkwe alifunga mizigo yake. Tukiwa stendi, kabla ya kupanda basi, alinikumbusha wifi yangu mdogo, mwenye mimba ya miezi saba. Akaniomba nimpigie jioni ileile, nimweleze habari ya mtoto kutulia.