Chunusi si uchafu wala si hamu ya ndoa

Kigoma mjini, uwe Ujiji, Mwanga au Gungu, kijana akitokwa na chunusi hakosi washauri. Mmoja atasema haogi vizuri, mwingine ataulaumu mchuzi wa mawese, na dukani atapewa tyubu ya krimu. Wote wanamtakia mema, lakini mengi ya ushauri huo humzidishia tatizo.

“Uso wako mchafu, usugue.” Dhana hii ndiyo inayoumiza wengi. Chunusi huanzia ndani ya ngozi, wiki kadhaa kabla hujaiona kwenye kioo. Kila kinyweleo kina tezi ya mafuta pembeni yake. Mtu akibalehe, homoni za androjeni, ziitwazo za kiume ingawa wasichana nao wanazo, huichochea tezi hiyo itoe mafuta mengi. Seli zilizokufa zinashindwa kubanduka, zinagandana na mafuta na kuziba tundu. Humo ndani bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu huongezeka, mwili nao unapambana, ndipo unapoona uvimbe na usaha.

Hata vile vidoa vyeusi vya puani si vumbi. Ni mafuta na seli zilizoziba tundu, na weusi wake hutokana na rangi ya ngozi yenyewe pamoja na mafuta kukutana na hewa. Ukisugua kwa dodoki au kwa sabuni ya mche, hata ile nzuri ya mawese inayotengenezwa hapahapa mkoani, unaichubua ngozi. Ngozi ina uasidi kidogo, wakati sabuni za namna hiyo ni alikali, yaani kinyume cha asidi. Osha kwa vidole na sabuni laini asubuhi na jioni, na baada ya kutoka jasho jingi. Inatosha.

“Anataka mume huyo.” Tuache kabisa kuwaambia mabinti maneno haya. Chunusi hazisababishwi na hamu ya mapenzi, na kujamiiana hakuziponyi. Binti wa miaka 14 anayeambiwa hivi anaweza kushawishiwa na mtu mzima mwenye nia mbaya, huku tatizo lake ni homoni za umri tu.

“Acha kula mawese.” Hakuna uthibitisho kwamba mawese ya kwenye chakula huleta chunusi, wala dagaa na migebuka. Vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka, kama soda na chai iliyojaa sukari, ndivyo vinavyohusishwa zaidi, na kwa baadhi ya watu maziwa ya ng'ombe. Mafuta ya kujipaka ni habari nyingine. Mafuta mazito usoni huweza kuziba vinyweleo, na yale ya nywele yakishuka hadi kwenye paji, chunusi hujipanga hapohapo. Anayesukwa na kupakwa mafuta kila mara aangalie hilo kwanza.

“Krimu hii inamaliza kila kitu.” Hapa naomba tusikilizane vizuri. Krimu nyingi zinazosifiwa hivyo zina steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, kama betamethasoni au klobetasoli. Siku za mwanzo uvimbe unatulia na uso unang'aa. Ukiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, na steroidi yenyewe huzalisha chunusi. Ukiacha, zinalipuka upya. Mkorogo nao ni vivyo hivyo, maana huwezi kujua kilichochanganywa humo. Soma maandishi ya tyubu kabla ya kulipa.

Ndimu na dawa ya meno huunguza. Kutumbua kunausukuma usaha ndani zaidi na kuacha kovu, na kwenye ngozi yetu nyeusi kunaacha doa linalodumu kwa miezi.

Kinachosaidia kipo, nacho ni dawa za kupaka: benzoli peroksaidi ya asilimia 2.5 hadi 5, inayopauisha mashuka na taulo, asidi ya salisiliki, au adapalini, ambayo mjamzito asiitumie. Paka eneo zima linalotoka chunusi, kwa sababu zinazofuata tayari zimeanza chini ya ngozi. Wengi huacha dawa wiki ya pili wakidhani imeshindwa, ilhali huchukua wiki 6 hadi 8, pengine 12, kuonyesha tofauti. Kama una vinundu vikubwa vyenye maumivu, makovu yanaanza, au chunusi zinaambatana na hedhi isiyo na mpangilio na ndevu kidevuni, nenda kituo cha afya au Hospitali ya Maweni mapema, na uwaonyeshe kila krimu uliyokuwa ukipaka.