Bei ya hita si gharama ya maji ya moto

Baridi ikikaza Tabora, mwezi wa sita na wa saba, watu huingia dukani kuulizia hita ya bafuni, wakatajiwa bei, wakaona hesabu imekwisha. Hapo ndipo wanapokosea. Ile ni bei ya kifaa tu.

Hita ya papo kwa papo ya wati 5,000 huvuta takriban ampea 22. Waya mwembamba wa taa, ule wa milimita 1.5 za mraba, haufai kabisa: utapata moto, mpira wake utayeyuka, na nyumba inaweza kuungua. Inatakiwa laini yake yenyewe kutoka mainswichi, waya mnene, sakiti breka yake, na ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) inayofanya kazi kweli. Nasisitiza ethi kwa sababu anayeoga amesimama kwenye maji. Mlipe fundi umeme aipime kwa kifaa, usikubali aitazame kwa macho.

Halafu kuna luku. Chukua watu watano, kila mmoja ndoo ya lita 20. Kupandisha lita hizo 100 kutoka nyuzi 24 hadi 44 kunakula uniti 2.3 hivi kwa siku, karibu 70 kwa mwezi. Nyumba iliyokuwa kwenye bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 inaweza kutolewa humo, na hata umeme wa taa ukapanda bei.

Hita ya jua ni ghali zaidi siku ya kununua, lakini jua halidai uniti. Uliza pia bei ya mabomba, tenki na stendi ya paani kabla hujalinganisha.