Stadi ya kusikiliza ni ipi hasa

Nimemsikia tena mtu akikisifu kitabu cha Kiingereza cha shule za kati kwamba "kinakuza usikilizaji" kwa sababu kila sura ina rekodi yake. Rekodi ni rekodi tu. Stadi ya kusikiliza ni uwezo wa kupokea maneno yanayosemwa, kuyatenganisha, kuyapa maana na kujua la kufanya nayo. Fasili ndiyo hiyo, wala haina ubishi.

Ubishi uko kwenye kitenzi chenyewe. Kiswahili kimetupa sikia na sikiliza, na bado tunavichanganya. Kusikia hakuombi ruhusa: mlango ukibamizwa utausikia hata usipotaka. Sikia ikinyambuliwa ikawa sikiliza, kama enda inavyozaa endelea na endeleza, ndipo anapoingia mtu mwenye nia, aliyetega sikio. Ongeza -na upate sikilizana, ambalo kwa wengi wetu ni kuelewana, hata kupatana baada ya ugomvi. (Ingawa "mtoto huyu hasikii" halihusu masikio hata kidogo, na mama yake anajua.)

Sasa fungua vitabu vingi vya wanafunzi wa miaka 11 hadi 14. Mwalimu anawasha rekodi, darasa linajibu maswali matano, majibu yanasahihishwa, ukurasa unageuzwa. Aliyepata yote alikuwa anaweza tangu mwanzo. Aliyepata mawili hajaambiwa alipotelea wapi. Huko ni kupima, na kupima si kukuza.

Kitabu kinachokuza hurudi pale sikio lilipokwama. Kiswahili hutamka kila silabi kikamilifu, na mkazo kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza humeza silabi zisizo na mkazo na kuyagandanisha maneno. Mwanafunzi anayesoma "what do you want to do" bila kusita anaweza asiambulie kitu likisemwa kwa kasi ya kawaida. Na aliyeandika 30 badala ya 13 hahitaji swali la sita. Anahitaji kusikia "thirty" na "thirteen" zikiwekwa bega kwa bega, aone mkazo unavyohama, kisha asikilize rekodi upya huku akifuatilia maandishi yake.

Tena rekodi nyingine ni habari iliyoandikwa ili isomwe, ikasomwa polepole na mtu mwenye sauti nzuri. Hakuna anayesita, anayejirudia wala anayedakiza. Watu hawaongei hivyo.

Basi ukikisifu tena kitabu hicho, sema kina rekodi safi na maswali ya kupima, hapo hujakosea. Hilo neno "kukuza" liache kwanza, mpaka utazame kitabu kinamfanyisha nini yule aliyepata mawili.