Kwa nini ndege waliofika kwa Simurgh walikuwa thelathini?

Kwa miaka mingi niliamini, na wengine nikawaeleza, kwamba jina Simurgh, la ndege mfalme katika ngano za Kiajemi, maana yake ni "ndege thelathini". Sivyo.

Kisa kimo katika Mantiq al-Tayr, utungo wa Kiajemi wa karne ya 12 wa Farid al-Din Attar wa Nishapur, Iran. (Jina Attar maana yake ni muuza manukato na dawa, uturi wetu umetoka mzizi huohuo wa Kiarabu.) Ndege wanaongozwa na hudihudi kumtafuta mfalme wao Simurgh, ng'ambo ya mabonde saba. Wengi wanaangamia njiani. Wanafika thelathini, wanamtazama mfalme, wanajiona wenyewe. Kwa Kiajemi, neno "si" maana yake ni thelathini, na "murgh" ni ndege.

Lakini jina ni la kale kuliko kisa. Mshairi Firdawsi, aliyemaliza utenzi wake wa wafalme, Shahnameh, mwaka 1010, anasimulia Simurgh akimlea mtoto Zal katika mlima Alburz, na huyo ni ndege mmoja tu. Nyuma zaidi, katika Avesta, maandiko ya dini ya Zoroaster, yumo ndege aitwaye Saena, jina la jamii ya tai na kipanga. Baadaye akaitwa Senmurw, yaani ndege Sen. Matamshi yakabadilika hadi "Sen" ikawa "si", ikafanana na ile "si" ya hesabu. Basi hesabu ya Attar ndiyo iliyotoka kwenye jina, si jina kwenye hesabu.

Sarufi nayo ilimsaidia. Sisi kitabu kikizidi kimoja tunasema vitabu. Mwajemi akitaja idadi haligusi jina: kitabu kimoja ni "kitab", vitabu thelathini ni "si kitab". Ni kama neno letu ndege, lisilobadilika awe mmoja au mia. Kwa hiyo "si murgh" na "Simurgh" sikioni ni kitu kimoja, na kwa wino hutenganishwa na nafasi ndogo tu. Lau wingi, murghan, ungelazimika, fumbo lote lingevunjika.

Ndege wanapouliza siri hiyo, wanajibiwa kwamba hadhara ya mfalme huyo ni kioo: wangekuja arobaini au hamsini, wangejiona arobaini au hamsini. Kioo kinapokea idadi yoyote. Jina ndilo linalodai thelathini, na kuliona hilo kumenizidishia mapenzi kwa utungo huu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba ndege wamekuwa wafalme. Attar hawaachi mbele ya kioo; mwishowe wanatoweka ndani ya Simurgh, kama kivuli kinavyopotea juani.