“Nasi Tulilelewa Hivyo”: Dhana Potofu Kuhusu Walezi wa Kazi Wodini

Wanafunzi wapya wa uuguzi wakiletwa wodini, mimi hutazama viatu. Huwa vipya, bado vinalia sakafuni, na mwenye navyo hutembea kama anayeogopa kumwamsha mtu. Mfukoni ana kalamu mbili, kifuani saa ya kubandika, mkononi kile kitabu cha kuwekewa sahihi. Baada ya miezi sita viatu vimenyamaza na mwanafunzi amebadilika. Wengine wamekuwa wauguzi ambao ningefurahi wamhudumie mama yangu. Wengine wameanza kumwita mgonjwa kwa namba ya kitanda. Chuo kilikuwa kimoja, mwalimu wa darasani mmoja, noti zilezile. Kwa jinsi nilivyoona miaka hii yote hapa Kisumu, kilichowatenganisha ni nani aliyewapokea walipofika.

Huyo aliyewapokea, akakaa nao, ndiye ninayemwita mlezi wa kazi. Na huduma ninayoizungumzia ni ile inayomwona mtu kabla ya ugonjwa: anaitwa nani, anaogopa nini, nyumbani kwake kuna nani, anataka kupona ili arudi kufanya nini. Nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mfumo wa huduma za namna hii mwaka 2016, na sheria zetu wenyewe hapa Kenya zinaidai. Lakini hakuna aliyeipata kwa kusomewa sheria. Hupokezwa, mkono kwa mkono, na wodini pamejaa maneno yanayozuia isipokezwe. Nayataja niliyoyasikia mara nyingi zaidi.

“Mlezi ni wa kuweka sahihi”

Sahihi ni kazi ya msimamizi. Msimamizi anataka kujua kama dripu imewekwa sawasawa na kama dawa imetolewa kwa saa yake, na siidharau kazi hiyo. Mgonjwa hafai kudungwa na mtu ambaye hakuna aliyemkagua. Mlezi huuliza lililobaki. Ulipokuwa unamtafuta mshipa, alikuwa anakutazama vipi? Ulimwambia dripu ni ya nini? Na wewe, mbona mkono ulikuwa unatetemeka?

Shida huja pale anayetoa alama ndiye anayetaka uungame makosa. Mwanafunzi hataungama. Atasema, “Niko sawa, Sista.” Nimewahi kuambiwa hivyo na msichana aliyekuwa ametoka kulia chooni, kope bado zimelowa. Siku hizi huomba fomu ya alama ijazwe na mwenzangu. Tukiwa wachache na haiwezekani, namwambia mwanafunzi waziwazi: leo ninakupima, kesho kwenye chai hakuna alama, niambie unachotaka.

“Ukali ndio hukomaza, nasi tulilelewa hivyo”

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa kuwa nililiamini.

Nilikuwa na wiki tatu tu kwenye wodi ya kujifungulia, katika hospitali niliyoanzia kazi. Nilichelewa kuandika mapigo ya moyo wa mtoto kwenye chati. Muuguzi mkubwa alinijia, akaichomoa ile karatasi mkononi mwangu, akaniuliza mbele ya kina mama wanne na mama wa usafi aliyekuwa akipiga deki kama nilikuja kazini au nilikuja kutafuta bwana. Nikanyamaza. Nikashika kalamu.

Kama nusu saa baadaye msichana wa kitanda cha pili, uzazi wake wa kwanza, aliita, “Sista, maji.” Akaita tena. Mara ya tatu nikamgeukia na kumwambia, kwa sauti ileile niliyosemeshwa, kwamba yeye si wa kwanza kuzaa. Hakuita tena. Alijifungua saa kumi alfajiri bila kutoa neno, akiuma pindo la leso yake. Nilipokuja kumpangusa uso niliona alama za meno kwenye kitambaa.

Sikuwa na kisa na yule msichana. Nilikuwa nimebebeshwa mzigo, na mule ndani hapakuwa na mwingine wa chini yangu wa kumtwika isipokuwa yeye.

Watu wa tiba ya akili waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1955 daktari Mmarekani Harold Searles alieleza jinsi yanayopita kati ya mgonjwa na mtibabu wake yanavyojitokeza upya kati ya mtibabu huyo na anayemsimamia. Wodini nimeona yakienda upande wa pili pia: yaliyosemwa ofisini kwa muuguzi mkuu asubuhi hufika kitandani kabla ya chai ya saa nne.

Mwaka 2009 Mohammadreza Hojat na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa udaktari huko Philadelphia. Uwezo wa wanafunzi hao wa kuyaona mambo kwa jicho la mgonjwa ulisimama vizuri miaka miwili ya kwanza, kisha ukaporomoka mwaka wa tatu. Mwaka wa tatu ndipo wanapotolewa vitabuni na kupelekwa kwa wagonjwa. Lilinikata maini nilipolisoma. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kukosa mtu wa kuiga. Na huku kwetu, utafiti wa Heshima, mradi wa kupinga udhalilishaji wa kina mama wanaojifungua, uliochapishwa mwaka 2015 uliwauliza kina mama 641 waliotoka kujifungua katika vituo 13 nchini, Kisumu ikiwamo. Mmoja kati ya kila watano alisema alidhalilishwa kwa namna fulani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii tunaikariri kwa watoto wa nyumbani, tukifika kazini tunaisahau mlangoni.

Wenzangu huniambia kwamba nikilegea mtu atakufa. Nawaelewa. Mkono wa mwanafunzi ukielekea kwenye chupa isiyo yake nitaushika hapohapo, mbele ya yeyote yule. Kinachoweza kungoja ni maneno. Yangoje dakika kumi, yasemwe kwenye chumba cha dawa mlango umefungwa, na yaanze kwa swali: ilikuwaje? Mara nyingi nimegundua chupa mbili zinazofanana zimewekwa pamoja kwenye rafu, kosa ambalo ningelikuta tena wiki inayofuata kwa mwanafunzi mwingine kama ningeishia kufoka.

“Utu hufundishwa darasani”

Hufundishwa, ndiyo, na hufutwa kwenye kupokezana zamu. Waandishi wawili wa Marekani, Hafferty na Franks, walieleza mwaka 1994 kwamba mwanafunzi wa tiba ana mtaala wa pili uliofichika, ule wa kwenye korido na wa chai. Huku magharibi mwa Kenya, ambako selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, umo katika familia nyingi, mtaala huo una somo ninalolichukia. Kijana amelazwa, chembe zake za damu zimepinda na kuziba mishipa midogo, maumivu yake ni ya kweli kama ya mfupa uliovunjika. Asubuhi anayetoa ripoti anasema, “Yule wa selimundu ameanza maigizo yake tena.” Watu wanacheka. Mwanafunzi aliyesimama nyuma ameshafunzwa, na mtihani hautamuuliza hilo kamwe.

Mlezi hahitaji hotuba hapo. Aitoe ripoti upya: anaitwa fulani, ana miaka kumi na tisa, maumivu anayakadiria nane kwa kumi, amepewa dawa saa kumi na moja na bado hajapata nafuu.

“Muda hatuna”

Muda kweli ni mchache. Kuna zamu za usiku ambazo muuguzi mmoja ana wodi nzima, na sitamlaumu huyo kwa lolote. Lakini hebu tuhesabu. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani waligundua kwamba madaktari waliwakatiza wagonjwa baada ya wastani wa sekunde 18. Mwaka 2002 utafiti wa hospitali moja ya Basel, Uswisi, ukafanya kinyume: madaktari waliofunzwa kusikiliza wakawaacha wagonjwa waseme hadi wamalize. Wastani ukawa sekunde 92, na karibu wanne kati ya kila watano walimaliza ndani ya dakika mbili.

Nimewafanyisha wanafunzi wangu jaribio hilo kwa zile saa za kifuani. Wengi hushangaa jinsi mgonjwa anavyonyamaza mapema. Na malezi yenyewe hayadai chumba cha mkutano. Mimi na wangu huongea tukitembea kutoka langoni hadi steji, kabla kila mmoja hajapanda tuktuk yake. Swali langu ni moja kila siku: leo ni mgonjwa gani umetoka naye kichwani?

“Kumsikiliza mgonjwa ni kumwacha afanye anavyotaka”

Mwanafunzi mmoja aliandika kwenye faili ya mama wa upande wa Ahero kwamba mgonjwa ni mkaidi, hajidungi insulini ya jioni. Mama yule alikuwa amelazwa mara ya pili ndani ya mwezi, sukari iko juu. Sikumwambia afute. Nilimuuliza, “Umemuuliza sababu?”

“Anasema husahau, Sista.”

“Husahau ya jioni tu? Ya asubuhi hasahau?”

Akanyamaza. Nikamwambia arudi, avute kiti akae, asimsimamie mtu mzima. Na azungumze Kijaluo, maana ndicho cha kwao wote wawili. Kwa nini alikuwa akimsemesha Kiswahili cha chuo?

Alirudi baada ya robo saa, faili ameikumbatia kifuani. Mama anaishi na wajukuu watatu. Unga wa jioni huletwa na mkubwa wao, anayebeba watu kwa pikipiki, na kuna siku unakuja na siku haupo. Jioni moja alijidunga saa moja, unga usije. Watoto walimkuta anatetemeka, nguo zimelowa jasho, wakadhani anakufa. Tangu siku hiyo huungoja unga kwanza, na ukifika usiku sana anakuwa ameshalala. Insulini yenyewe alikuwa akiitunza vizuri kuliko wengi, ndani ya chungu kilichozikwa nusu kwenye mchanga uliolowa maji.

Ukaidi wa mtu huyo uko wapi? Alikuwa ameitambua hatari ya insulini bila chakula kabla sisi hatujamwambia.

Wala hatukumwambia basi fanya utakavyo. Daktari alikaa naye, akabadilisha mpango wa dawa ufuate chakula badala ya saa. Tukamwonyesha dalili za sukari kushuka na maji ya sukari ya kunywa mara moja, mjukuu mkubwa akiwa amesimama hapo anasikiliza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo na athari zake kwa lugha anayoielewa, na inamtambua kuwa na haki ya kukataa. Kueleza kwa namna hiyo ni kazi kubwa kuliko kuamrisha, kwa kuwa lazima kwanza ujue yeye anajua nini.

Mwanafunzi alichukua kalamu, akalikata neno lile kwa mstari mmoja, akaweka sahihi na saa pembeni, vile tunavyofundishwa kusahihisha faili. Ningalimpa jibu mimi, angalijifunza habari za mama mmoja tu.

“Mkubwa humfunza mdogo, basi”

Tungeshikilia hilo, tungejinyima walezi wengi. Kina mama wanaoishi na VVU waliofunzwa kuwaongoza wajawazito wenye hali kama yao, mtindo ulioanza Cape Town mwaka 2001 na uliopo katika vituo vyetu vingi, hawana shahada ya uuguzi. Lakini mjamzito aliyetoka kupewa majibu husikia kwao asichoweza kusikia kwangu, kwa kuwa wao wamepita palepale. Nawapeleka wanafunzi wakae nao, wanyamaze, watazame. Vilevile wahudumu wa afya ya jamii, hawa 100,000 waliopewa vifaa na serikali mwaka 2023: mmoja wao alinifunza kwamba mgonjwa wangu aliyekuwa “hatokei kliniki” siku yake ya kliniki ilikuwa ikigongana na siku ya soko, na soko ndilo lililokuwa likimlisha.

Na wanafunzi wenyewe. Tulikuwa na mzee kutoka Vihiga aliyekataa kuoshwa siku tatu mfululizo. Niliandika amechanganyikiwa. Nilikuwa nimefanya kazi zaidi ya miaka kumi, na neno langu halikuwa likipingwa ovyo. Kijana mmoja wa mwaka wa pili, mtu wa Mbale ya hukohuko Vihiga, alingoja nikae peke yangu, akasema kwa sauti ya chini, “Sista, naomba nikuambie kitu. Mzee haoni wewe ni muuguzi. Anaona mkaza mwanawe.” Kwao baba mkwe na mkaza mwana huepukana hata kuketi chumba kimoja, sembuse kuvuana nguo.

Nilirudi kwenye faili, nikakata mstari. Kisha nikajaza maji ya vuguvugu. Kijana aliingia na sabuni na taulo, akamsalimia mzee kwa lugha yao, na mzee akajibu kwa sentensi ndefu kuliko zote tulizosikia kwake wiki ile. Mimi nikabaki nje ya pazia, nikiwapitishia beseni.