Jiolojia si nyundo na misuli tu

Mtwara na Lindi kuna imani ya siku nyingi kwamba jiolojia, yaani elimu ya miamba, ni kazi ya wanaume wenye kifua, na kwamba wanaoijua hasa hutoka nje. Msichana akitaka kuisomea huulizwa kama ataweza kulala porini.

Tuanze na hilo la nje. Kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walifukua mifupa ya dinosaria huko Tendaguru, Lindi. Waliochimba, wakaifunga na kuibeba hadi bandarini walikuwa mamia ya wenyeji, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa hapo aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Wamechelewa, lakini afadhali.

Kuhusu misuli, miamba ya mfinyanzi ya Kilwa na Lindi ina visukuku (mabaki ya viumbe wa kale) vya foraminifera, viumbe wa baharini wadogo kama punje za mchanga. Vimehifadhika vizuri mno, hata watafiti huvitumia kukadiria joto la bahari ya mamilioni ya miaka iliyopita. Kazi hiyo hufanywa kwa hadubini. Katika utafutaji wa gesi pia, kama ile ya Mnazi Bay iliyogunduliwa 1982, matabaka ya chini husomwa kwenye kompyuta kutokana na mawimbi ya mtetemo. Anayetumia kiti cha magurudumu anaiweza. Porini watu huenda, sikatai, ila si wote wala si kila siku.

Kikwazo chenyewe, kwa maoni yangu, huja kidato cha tatu, binti wa Newala au Nachingwea anaposhauriwa kuacha fizikia na kemia.