Uso Ukivimba Leo, Jiulize Juzi Ulipaka Nini

Jumatatu moja asubuhi mama mmoja aliingia chumba changu cha kutibia ngozi hapa Bukavu, uso ameufunika kitenge hadi machoni. Alipokifunua, jicho la kushoto lilikuwa limefumba kabisa na la kulia limebaki mstari tu. Masikio yamevimba. Kwenye ukingo wa nywele, kuanzia panda la uso hadi kisogoni, vimejipanga vipele vidogo vyenye maji. "Docta, ni sambaza," akaniambia. Alikuwa amekula sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, Jumapili mchana.

Nikamwuliza habari za Ijumaa. Ijumaa alitia nywele rangi nyeusi, kwa kuwa Jumamosi walikuwa na arusi Kadutu.

Wengi wanaokuja kwangu wakiwa na uso uliovimba wameshahukumu chakula. Lakini mzio wa chakula una haraka: kwa kawaida huanza dakika chache hadi saa mbili baada ya kula. Midomo inawasha, mabaka yanainuka kama mtu aliyeumwa na mbu, yanatokea huku na kuhamia kule, na kila baka hupotea kabla siku haijaisha. Mzio wa mguso, ule unaoletwa na kitu kilichogusa ngozi, hauna mbio hizo. Seli za ulinzi wa mwili zinahitaji muda wa kukusanyika mahali palipoguswa, siku moja, mbili, hata tatu. Ndiyo maana aliyevimba Jumatatu namwuliza alichopaka Ijumaa.

Tena kitu chenyewe mara nyingi hakikupakwa usoni. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili, ya kichwa ni nene. Rangi inatiwa kichwani, kichwa kinavumilia, kope zinavimba. Rangi ya kucha hufanya vivyo hivyo: vidole vinabaki salama, lakini ndivyo vinavyofikicha jicho mara ishirini kwa siku.

Ndani ya rangi nyeusi za nywele, hata zile za unga zinazouzwa kwenye vipakiti, mara nyingi kuna kemikali iitwayo parafenilenediamini. Katika Umoja wa Ulaya haitakiwi kuzidi asilimia 2 katika rangi inayotiwa kichwani, na kuipaka kwenye ngozi kumekatazwa. Hiyohiyo ndiyo inayochanganywa katika ile inayoitwa hina nyeusi. Hina halisi huacha rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Ikiwa nyeusi tii ndani ya saa moja, usinyooshe mkono wako. Wababa wanaotia ndevu rangi, nanyi pia mnahusika. Na usiniambie umeitumia miaka kumi bila tatizo. Mzio wa mguso huja kwa kitu ambacho mwili umeshakizoea kukutana nacho, na ukishaingia haukutoki tena.

Yule mama niliosha naye nywele kwa maji mengi na sabuni isiyo na harufu, nikamwekea kitambaa safi chenye maji baridi juu ya macho, dakika kumi, mara kadhaa kwa siku. Kwa kuwa macho yalikuwa yamefumba, nilimpa vidonge vya prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa kipimo cha uzito wake, tukavipunguza polepole kwa muda wa wiki mbili. Ukivikata siku ya tatu kwa sababu uvimbe umepungua, unarudi. Kwa uvimbe mdogo, acha kila pomadi, paka vaselini tupu, na krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 asubuhi na jioni kwa siku tano hadi saba, bila kuingiza machoni. Setirizini, kidonge cha mzio, husaidia zaidi yale mabaka yanayohama; kwa mzio wa mguso nguvu yake ni ndogo. Limau, dawa ya meno na maji ya Dettol vinaunguza ngozi iliyokwisha kujeruhiwa, naomba sana muviache.

Lakini ulimi ukivimba, sauti ikikwaruza, pumzi ikibana au kichwa kikizunguka, usingoje kliniki ya ngozi. Hiyo ni sindano ya adrenalini ya paja, kituo cha afya kilicho karibu, sasa hivi.

Kinachoniumiza zaidi ni yanayofuata. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Unaona uvimbe, joto, kisha weusi. Baka jeusi hubaki wiki nyingi, mara nyingine miezi, hata mzio ukiwa umepona. Huondoka lenyewe, hasa likikingwa na jua. Ila mtu anajiona kwenye kioo, anakwenda sokoni, anauziwa tyubu ya klobetasoli. Ni miongoni mwa dawa kali kabisa za steroidi za kupaka, kundi lilelile la haidrokotisoni, haikutengenezwa kwa uso. Wiki ya kwanza inapendeza ajabu. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinazunguka mdomo, na siku anapoiacha uso unawaka moto, basi anairudia. Nimewaona wasichana wa miaka kumi na minane wakiwa na ngozi ya shavu ninayoweza kuikunja kama karatasi.

Pomadi yoyote mpya ya uso ijaribu kwanza kwenye kiwiko kwa ndani, palepale, asubuhi na jioni kwa siku saba, bila kuosha haraka. Ikiwasha, uso umeokoka. Rangi ya nywele usiijaribu hivyo nyumbani kama imewahi kukuvimbisha: tone dogo linatosha kuamsha yote.

Kufikia mwezi wa nne tangu aje kwangu, mabaka ya yule mama yalikuwa yamebaki nyuma ya masikio tu. Sambaza anakula. Juu ya fishi yake, kadi yake ya matibabu, nimeandika kwa kalamu nyekundu jina la kile kilichomvimbisha, kwa sababu baadhi ya dawa za ganzi, kama benzokaini, ni ndugu zake, na daktari wa meno atahitaji kulisoma kabla hajaanza kazi.